Stelingi na Ulimi Wake: Waigizaji Wakuu wa Kiume katika Filamu ya Kiswahili, kutoka Kawawa hadi Kanumba

Katika msamiati wa watazamaji wa sinema wa Tanzania limo neno ambalo wanaisimu hawajalitendea haki. Neno hilo ni stelingi. Huyu ndiye mhusika mkuu wa filamu, aghalabu mwanamume, ambaye hupigwa, hufungwa na hata hutupwa mtoni, lakini hafi kabla ya picha kwisha. Mpinzani wake huitwa adui, na watoto waliokaa chini mbele ya pazia hawakuhitaji kuambiwa yupi ni yupi. Inaelekea kwamba asili ya neno hili ni tamko la Kiingereza starring, lililotangulia majina ya waigizaji mwanzoni mwa filamu. Huko lilikotoka lilikuwa umbo la kitenzi. Waswahili wakalifanya nomino, wakaibadili r kuwa l, wakaongeza irabu mwishoni na kulipa upatanisho wa viumbe hai: stelingi amekuja, mastelingi wamekuja. Tendo likageuka kuwa mtu.

Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mgeni. Katika majumba ya sinema kama Empire, Avalon na Odeon ya Dar es Salaam, au Majestic ya Unguja, alikuwa Mhindi kama Raj Kapoor, ambaye filamu yake Awara ya mwaka 1951 ilipendwa mno katika pwani hii. Au alikuwa Mmarekani mwenye bastola. Na ilipofika miaka ya 1970 alikuwa Bruce Lee. Wengi wa waliomshangilia hawakuielewa lugha yake. Walizikariri nyimbo zake bila ya kujua maana, wakaiga mwendo wake na mkato wa nywele zake. Stelingi alikuwa mwili, na ulimi wake haukuwa na kazi kubwa mbele ya hadhira hii. Kwa hiyo lipo swali linalowahusu moja kwa moja wataalamu wa Kiswahili: stelingi alipoanza kusema Kiswahili, alisema Kiswahili gani, alikipata wapi, na kimehifadhiwa wapi?

Mwanzo wenyewe haukuwa na stelingi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 lilifanyika jaribio la kutengeneza filamu za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu 35 kuhusu kilimo, afya, kodi na mambo mengine ambayo utawala wa kikoloni uliona yafaa kufundishwa. Picha zilipigwa bila ya sauti. Maneno yalirekodiwa baadaye katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, ili picha ile ile ioneshwe mahali pengi. Uso na sauti vilichukuliwa mbalimbali, na hapakuwa na sharti kwamba viwe vya mtu mmoja. Mwigizaji aliazimwa mwili wake tu. Jambo hili si dogo kwa historia ya lugha. Filamu ya Kiswahili ilianza kwa kumtenga msemaji na maneno yake, na miaka iliyofuata yaweza kusomwa kama safari ndefu ya kuvirejesha pamoja.

Wa kwanza kukumbukwa kwa jina katika safari hiyo ni Rashidi Mfaume Kawawa. Alizaliwa mwaka 1926 katika eneo la Songea, akasoma Tabora, kisha akaajiriwa serikalini katika kazi za ustawi wa jamii, ambamo kuwaonesha wananchi sinema kulikuwa sehemu ya shughuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu chache za hadithi, na Kawawa akawa mwigizaji wao mkuu. Inayotajwa zaidi ni Muhogo Mchungu, juu ya mtu wa shamba anayeingia mjini na kukutana na wajanja wa mji. Alionekana pia katika Chalo Amerudi na Wageni Wema.

Majina hayo yanastahili kutazamwa. Muhogo mchungu hauliwi kabla ya kulowekwa au kukaushwa, na kila mkulima anajua hasara ya anayeuharakisha. Kumwita mhusika kwa jina la zao ni desturi ya ngano, na ni wazi kwamba filamu ilikopa kwa msimulizi wa kijijini ili kufikisha somo la mtawala. Lakini aliyelifikisha somo hilo hakuwa mwana wa pwani. Alikuwa kijana wa bara aliyekikuza Kiswahili chake shuleni na ofisini, wakati ambapo Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, kilikuwa ndicho lugha ya vitabu vya darasani na ya barua za serikali. Kwa maneno mengine, stelingi wa kwanza wa Kiswahili alikuwa zao la sera ya lugha. Hilo halimpunguzii chochote. Linaeleza tu kwa nini filamu hizo zingeweza kufahamika Lindi, Mwanza na Kigoma bila ya kuwa za Lindi, Mwanza wala Kigoma.

Yaliyofuata katika maisha ya Kawawa yanajulikana kuliko filamu zenyewe. Alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika lililoundwa mwaka 1955. Akawa Waziri Mkuu mwezi Januari 1962, baada ya Julius Nyerere kujiuzulu wadhifa huo. Akawa Makamu wa Pili wa Rais kuanzia mwaka 1964, na Waziri Mkuu tena kati ya 1972 na 1977. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Katika tanzia nyingi sinema ilipewa sentensi moja, kama jambo la ujana. Mwanahistoria wa lugha hana budi kuipa zaidi. Mtu aliyezoea kusema Kiswahili kimoja kwa hadhira za makabila mengi, mbele ya kamera, ndiye huyo huyo aliyesimama baadaye kuwahutubia makuli wa bandarini na wakata mkonge. Haiwezekani kupima sinema ilimfundisha kiasi gani. Hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba haikumfundisha kitu.

Baada ya Uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968. Ilitarajiwa kwamba filamu ingekuwa chombo cha ujamaa, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoka Fimbo ya Mnyonge, ambayo shujaa wake anaondoka kwenye umaskini, anahangaika mjini na hatimaye anakiona kijiji cha ujamaa. Mkondo wa hadithi haukuwa mbali na ule wa Muhogo Mchungu. Aliyebadilika ni mwalimu. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu, kazi nzuri zaidi ya kipindi hicho, lakini stelingi wake ni mwanamke na uchunguzi wake wapaswa kuwa mahali pengine. Fedha zilikuwa haba, na filamu za hadithi za miongo hiyo miwili zahesabika kwa vidole. Hakuna mwanamume aliyeweza kuishi kwa kuigiza sinema, wala kuitwa stelingi na watoto mtaani.

Walikokuwa waigizaji wakati huo ni kwingine: jukwaani, katika vikundi vya utamaduni vya mashirika ya umma, na zaidi ya yote redioni. Redio Tanzania ilikuwa na michezo ya kuigiza na vichekesho vilivyosikilizwa nchi nzima, Pwagu na Pwaguzi kikiwa mfano unaokumbukwa hadi leo. Hapa mambo yalikuwa kinyume cha Vugiri. Kule palikuwa na mwili bila ya ulimi. Redioni palikuwa na ulimi bila ya mwili. Mwigizaji wa redio hakuwa na bastola, farasi wala nywele za kuchana. Ilimlazimu ajenge kila kitu kwa sauti: umri, kabila, ulevi, ubahili, uongo. Kizazi kilicholelewa na malezi hayo ndicho kilichoingia katika video baadaye, na kiliingia na mali yake.

Wawili katika kizazi hicho wanatosha kuonesha mali hiyo. Said Ngamba, aliyefariki mwezi Juni 2014, alijulikana kwa jina la Mzee Small. Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 2018, alijulikana kwa jina la King Majuto. Katika filamu za Kawawa jina la mhusika lilivuliwa pamoja na nguo zake. Muhogo alikwisha, Kawawa akaenda zake. Kwa Mzee Small na King Majuto jina la uigizaji halikuvuliwa. Lilihama kutoka mchezo hadi mchezo, likaingia barabarani, likaandikwa magazetini, na siku ya msiba likatangulia jina la kuzaliwa. Wahakiki waliolelewa na nadharia za kigeni waliona upungufu: eti mwigizaji hawezi kuwa mtu mwingine. Hoja hiyo haina mashiko. Mswahili anaijua lakabu tangu zamani. Watunzi wa mashairi walitumia lakabu, manju wa ngoma walitumia lakabu, na hadhira iliposikia lakabu ilijua ni kipaji gani kinachowajia. King Majuto hakuwa mhusika mmoja aliyerudiwa. Alikuwa fani inayotembea.

Fani hiyo ilikaa katika lugha. Majuto alikuwa bingwa wa kurefusha salamu mpaka salamu yenyewe ikawa mgogoro, wa kusikia neno vibaya kwa makusudi, wa kumwacha mwenzake amalize sentensi kisha kuishika kwa mkia. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, kwa lafudhi na kwa adabu zake, maana hata utovu wa adabu wake ulifuata kanuni za adabu. Mtazamaji wa Mbeya aliyecheka huenda hakujua kwamba anasikia lahaja; alijua tu kwamba mzee huyu anasema kwa utamu ambao shuleni hakuusikia. Katika miaka ya mwisho aliigiza mara kwa mara na kijana wa Tanga pia, Hussein Mkiety, aliyeitwa Sharo Milionea na aliyefariki kwa ajali ya gari Muheza mwezi Novemba 2012. Kijana alisema kwa mapozi ya mjini, mzee akamjibu kwa Kiswahili cha barazani. Ubishi ulikuwa wa rika mbili na wa rejesta mbili za lugha moja, na neno sharobaro, lililokuwa limeanza kusikika katika muziki, lilipata sura ya mtu kupitia kwa kijana huyo.

Upande wa Kenya yafaa kutajwa, ingawa ni televisheni zaidi ya filamu, Benson Wanjau, aliyefariki mwezi Julai 2015. Kwa miongo kadhaa alikuwa Mzee Ojwang' katika kipindi cha Vitimbi. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Ojwang' alisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, kwa ustadi uliowafanya watazamaji wengi wamdhanie Mjaluo wa kuzaliwa. Ni vigumu kupata ushahidi bora zaidi kwamba lafudhi ni vazi, na kwamba Kiswahili cha mtu wa lugha ya pili chaweza kupendwa bila ya kudharauliwa.

Televisheni ilichelewa Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Bara ilianza mwaka 1994. Vikundi vya maigizo vikapata nyumba mpya, na kimojawapo, Kaole Sanaa Group, kikawa chuo kisicho na jengo. Wakati huo huo deki za video na vibanda vya kulipia kiingilio vilikuwa vimewazoesha watu filamu za Nigeria, ambazo ziliwathibitishia vijana wa Dar es Salaam kwamba filamu yaweza kutengenezwa kwa kamera ndogo na fedha kidogo. Katika miaka ya 2000 biashara ya filamu za Kiswahili katika kanda, kisha katika santuri, ikashika kasi. Stelingi akapatikana: Vincent Kigosi aliyeitwa Ray, Jacob Steven aliyeitwa JB, na aliyewapita wote kwa umaarufu, Steven Kanumba.

Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984 huko Shinyanga, akajiunga na Kaole mwaka 2002, na akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28. Miaka kumi tu. Katika miaka hiyo aliigiza, akaongoza na akatayarisha filamu. Akafanya kazi na Wanijeria katika Dar to Lagos, na mwaka 2011 akaigiza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Alipozikwa katika makaburi ya Kinondoni, umati uliojitokeza ulikuwa wa maelfu kwa maelfu. Kwa mara ya kwanza mwanamume wa Kitanzania alikuwa stelingi kwa maana ile ile aliyokuwa nayo Raj Kapoor: mavazi yake yaliigwa, sura yake ilibandikwa kwenye daladala, na jina lake halikuwa lakabu. Kanumba lilikuwa jina la ukoo, na lilitosha.

Lakini ulimi wake uliwekwa mashakani kwa namna ambayo Majuto hakuijua. Filamu za Kanumba zilisemwa kwa Kiswahili na kupewa majina ya Kiingereza: She Is My Sister, Uncle JJ, Young Billionaire, Devil Kingdom. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza, mara nyingi yenye makosa yaliyowafurahisha wasomi. Sababu ilikuwa ya kibiashara: soko la nje lilitamaniwa, na Kiingereza kilichukuliwa kuwa tiketi. Mwaka 2009 alialikwa katika nyumba ya Big Brother Africa nchini Afrika Kusini, na Kiingereza alichokisema huko kikachekwa na Watanzania wenzake. Tukio hili limezoeleka kusimuliwa kama aibu ya mtu mmoja. Si hivyo. Nchi iliyomfundisha Kiswahili kwa miaka saba ya shule ya msingi, kisha ikambadilishia lugha sekondari bila ya kumwandaa, ilimcheka kwa kuwa na matokeo ya mfumo wake yenyewe. Aidha, waliomcheka walikuwa wakinunua filamu zake kwa sababu alisema Kiswahili wanachokielewa. Haikusikika kwamba Raj Kapoor alichekwa Dar es Salaam kwa kutojua Kiswahili.

Kiswahili cha Kanumba kilikuwaje? Kwa hakika kilikuwa sahili, cha mijini, kisicho na lahaja ya kutambulika kwa urahisi, cha sentensi fupi na cha vituo virefu vilivyojazwa na macho. Kwa upande huu alikuwa karibu na Kawawa kuliko Majuto. Wote wawili walitoka bara. Wote wawili walitumia Kiswahili kisicho cha mahali pamoja, kwa hadhira ya taifa zima. Yaelekea kwamba katika filamu ya Kiswahili shujaa wa kilio amekuwa akitoka bara na bingwa wa kicheko akitoka pwani. Kanuni hii ina mianya, lakini si bahati tupu. Kichekesho hula katika utajiri wa lahaja. Kilio hutaka lugha isiyomzuia mtu yeyote kulia.

Jambo moja liliwaunganisha Majuto na Kanumba, nalo ndilo linalopaswa kuwasumbua wataalamu. Filamu nyingi za kipindi hicho hazikuwa na mswada kamili. Mwongozaji alieleza kisa na mpangilio wa onesho. Maneno yalitungwa na waigizaji papo hapo, kamera ikiwa imewashwa. Desturi hii imelaumiwa sana, na maonesho yasiyokwisha yanatoa haki kwa walaumu. Hata hivyo maana yake kwa lugha ni kubwa. Mtunzi wa mazungumzo ya filamu ya Kiswahili, kwa kiasi kikubwa, ni mwigizaji. Walichokiacha ni hazina ya Kiswahili cha kusemwa, chenye kukatizana, kusita, kutukanana na kuombana radhi, ambacho hakuna mwandishi wa riwaya aliyekikusudia. Na kamusi zetu, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimezoea kuchota katika maandishi.

Malipo nayo yalifuata mkondo huo huo. Asiyehesabiwa kuwa mtunzi halipwi kama mtunzi. Kwa kawaida mwigizaji alilipwa mara moja, na haki za filamu zikabaki kwa msambazaji. King Majuto alipougua mwaka 2018, mikataba yake ilijadiliwa hadharani, na wizara yenye dhamana ya sanaa ikalazimika kuifuatilia pamoja na mikataba ya wasanii wengine. Mzee aliyeonekana katika filamu nyingi kuliko wengi wa wenzake alihitaji michango ili atibiwe. Mjadala ule ulihusu fedha, kama ilivyostahili. Haukuuliza yale maneno yaliyouzwa yalikuwa ya nani.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Gudrun Columbus Mwanyika alimwigiza Denge, kijana mpigania uhuru wa Unguja ya miaka ya 1950. Filamu hiyo ilioneshwa katika tamasha la Toronto na kupata tuzo katika tamasha la Ouagadougou mwaka huo huo. Hapa stelingi ana mswada, na nyuma ya mswada ana riwaya. Anayetaka kujua Denge alisema nini aweza kufungua kitabu, akalinganisha, akaandika tasnifu. Ni hatua njema, na wanafunzi wa fasihi tayari wameiona.

Kwa King Majuto hakuna kitabu cha kufungua. Mwanafunzi anayetaka kuchunguza jinsi mzee huyo alivyoirefusha salamu hana budi kutafuta santuri, ambayo huenda imekwaruzika, aketi mbele yake na kalamu, aisimamishe, airudishe nyuma, na aandike neno kwa neno, pamoja na vituo.